Barua ya Wazi kwa Wizara ya Elimu na Walimu Wakuu: Mtoto Aliyelazwa Bado Ana Darasa Lake

Kwa Waheshimiwa viongozi wa Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia na wa TAMISEMI. Kwa walimu wakuu, wakuu wa shule na kamati za shule nchini Tanzania.



Saratani ya damu inayowapata watoto mara nyingi zaidi hutibiwa kwa miaka miwili hadi mitatu. Saratani ya Burkitt, ambayo daktari Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 baada ya kuwaona watoto wenye uvimbe wa taya nchini Uganda, hutibiwa kwa miezi kadhaa. Saratani ya figo na ile ya jicho huwa na upasuaji na dawa, na baada ya hapo miaka ya kliniki. Katika muda huo wote mgonjwa hakomi kuwa mwanafunzi. Jina lake limo katika daftari la mahudhurio, na wenzake aliokuwa akicheza nao rede na kombolela wanaendelea kuitikia majina yao kila asubuhi.

Matibabu ya saratani ya watoto nchini Tanzania yanapatikana katika hospitali chache kubwa, zikiwamo Muhimbili ya Dar es Salaam, Bugando ya Mwanza na KCMC ya Moshi. Mtoto wa Kigoma anayepewa rufaa ya Muhimbili anawekwa mbali na darasa lake kwa zaidi ya kilomita 1,200 za reli. Anaondoka na mama au bibi, mara nyingi ghafla, na darasa halielezwi chochote. Huko wodini wapo madaktari, wauguzi na wahisani wanaojitahidi sana. Shirika la Tumaini la Maisha, kwa mfano, limeshirikiana na wodi ya saratani ya watoto ya Muhimbili kwa zaidi ya miaka kumi. Kasoro inayolalamikiwa hapa iko shuleni.

Wanafunzi wenzake ni sehemu ya matunzo ya mtoto mgonjwa. Shule nyingi huendelea na ratiba kana kwamba jambo hilo haliwahusu, na ngazi za juu hazijaziwekea utaratibu wa kufanya vinginevyo. Malalamiko na maombi yanayofuata yamepangwa kwa namba ili kila ofisi ione sehemu yake.

1. Mtoto mgonjwa huhesabiwa mtoro

Daftari la mahudhurio linajua aliyepo na asiyepo. Homa ya siku tatu huandikwa, lakini ugonjwa wa miezi hauna mahali pake. Mtoto aliyelazwa muhula mzima na yule aliyekimbilia machimboni hufanana katika safu hizo, isipokuwa pale mwalimu wa darasa anapojiongeza na kuandika maelezo pembeni. Muda ukizidi, jina huhamia kwenye hesabu ya mdondoko. Utaratibu wa kufuatilia watoro, ambao hupitia kwa mtendaji wa kijiji au mtaa, unaweza kumfikia mzazi aliyekesha wodini vilevile unavyomfikia aliyemwacha mtoto akachunge ng'ombe.

Baraza la Mitihani la Tanzania linautambua ugonjwa: mtahiniwa aliyeshindwa kufanya mtihani kwa kuugua huweza kupewa nafasi ya kuufanya mwaka unaofuata. Hakuna sababu ya msingi ya ugonjwa kutambulika siku ya mtihani wa darasa la saba na kutotambulika katika siku zote za darasani zilizoitangulia. Aidha, Novemba 2021 serikali ilifungua mlango wa kurudi shuleni kwa wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali, ujauzito ukiwamo. Ulikuwa uamuzi mwema na umewafaa wengi. Ila mtoto aliyelazwa hakukatiza masomo, kwa hiyo hata kumwita aliyerejeshwa ni kumhesabia kosa asilolitenda. Anachostahili ni kutoondolewa tangu mwanzo.

Deski lake hupewa mwingine ndani ya wiki, na katika darasa ambalo watoto hubanana watatu hadi wanne katika deski moja hilo linaeleweka. Jina halichukui nafasi ya mtu. Likiitwa kila asubuhi, na darasa likaitikia, "Yuko hospitali," hakuna atakayemsahau. Na mtoto anayeelezwa kwa simu kwamba jina lake bado linaitwa anajua kuwa anangojewa.

2. Ukimya wa walimu unaliacha darasa na uvumi

Watoto huona mapema kuliko wakubwa. Waliuona uvimbe wa shingo ukikua, walimwona mwenzao akikaa chini kabla mchakamchaka haujamaliza mzunguko mmoja, na baadhi yao walimbebea begi. Anapotoweka bila maelezo, hutafuta maelezo wenyewe, na yaliyo karibu ni ya mtaani: amerogwa, familia imemtoa kafara, ana ugonjwa wa kuambukiza, ameshakufa ila wakubwa wanaficha. Aliyekuwa akikaa naye huanza kutengwa. Mdogo wake aliye darasa la kwanza huulizwa maswali ambayo hata mama yake hayawezi.

Lipo pia jambo ambalo walimu hulisahau. Mtoto wa miaka saba au minane huweza kuamini kwa dhati kwamba yeye ndiye chanzo, kwa sababu alimsukuma mwenzake akaanguka, au waligombania mpira na akamwombea mabaya. Fikra hiyo ni ya umri wake. Huibeba kimya, na hakuna wa kumtua isipokuwa mtu mzima atakayesema waziwazi kwamba kusukumwa hakuleti saratani.

Kusema huko hakufanywi mstarini. Jina la ugonjwa ni la mtoto na wazazi wake, na mwalimu mkuu anayelitangaza mbele ya shule nzima bila idhini yao amekosea, hata kama nia yake ilikuwa kuomba dua. Kinachohitajika ni kipindi kimoja cha mwalimu wa darasa na wanafunzi wake, mlango ukiwa umefungwa, kwa maneno ambayo mzazi ameyaridhia. Wanafunzi waambiwe kwamba saratani haiambukizi kwa kukaa pamoja, kula pamoja wala kushikana mikono. Kwamba hakuna mtu darasani aliyeisababisha. Kwamba dawa ni kali na zitabadilisha sura ya mwenzao kwa muda. Waachwe waulize. Swali la kama atakufa litakuja, na jibu lake ni la kweli na fupi: ugonjwa ni mkubwa, madaktari wanautibu, wapo watoto wengi waliopona, na darasa litaambiwa kila kitakachojulikana. Mwalimu anayeahidi kwamba mgonjwa atapona hana mamlaka ya kutoa ahadi hiyo, na watoto hukumbuka.

3. Msaada wa wenzake una kazi halisi

Mwaka 1994, katika mji wa Oceanside, California, wavulana wa darasa la tano walinyoa vichwa vyao ili mwenzao aliyekuwa akitibiwa saratani asiwe na kipara peke yake. Mwalimu wao naye akanyoa. Habari ilienea, na kunyoa kukawa picha inayojulikana zaidi ya darasa linalosimama na mgonjwa. Kwa Tanzania picha hiyo haina nguvu ileile, kwani katika shule nyingi za umma kunyoa ni kanuni kwa wavulana na wasichana. Kinachomtenga mgonjwa hapa ni uso uliovimba kwa dawa, barakoa, kovu, jicho lililoondolewa. Na zaidi ya hayo ni kutojua. Hajui darasa limefikia wapi katika hesabu za sehemu. Hajui nani amechaguliwa kiranja, wala wimbo gani unaimbwa sasa kwenye mchakamchaka. Akirudi baada ya miezi, anakuwa mgeni katika mambo madogo ambayo watoto huyapima kwa ukali.

Kwa hiyo mshikamano unaofaa ni ule unaoziba pengo hilo. Wanafunzi wawili au watatu wakipokezana kunakili kazi za ubaoni katika daftari la mwenzao, wamefanya jambo ambalo hakuna mfadhili anayeweza kulinunua. Katika shule ambako kitabu kimoja husomwa na watoto kadhaa, daftari hilo ndilo somo lenyewe. Husafiri na ndugu anayekwenda kumwona mgonjwa, au kurasa zake hupigwa picha na kutumwa. Wanafunzi hawaruhusiwi kuwa na simu shuleni, hivyo mawasiliano yote hutegemea simu ya mwalimu na bando lake. Hapo kamati ya shule ina wajibu: vocha ya elfu moja au mbili kwa wiki haipaswi kutoka mfukoni mwa mwalimu.

Ujumbe wa sauti wa darasa zima, ukitumwa kila wiki siku ileile, una thamani kuliko rundo la barua za mara moja. Siku za wodini zinafanana, na mtoto aliye kwenye dripu hujenga wiki yake kuzunguka kitu anachokingojea. Barua hamsini za wiki ya kwanza zikifuatwa na ukimya wa miezi sita humfundisha mtoto kwamba amesahauliwa. Shule isiyoweza kuendelea ni afadhali ianze kidogo: mtoto mmoja, salamu moja, kila Ijumaa.

Uzito wa mawasiliano hayo unaonekana katika takwimu za matibabu. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani hupona, ilhali katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati hawafiki asilimia 30. Mwaka 2018 liliweka lengo la kufikisha angalau asilimia 60 duniani ifikapo 2030. Miongoni mwa sababu za pengo hilo, pamoja na kuchelewa kugunduliwa na uhaba wa dawa, ni matibabu kuachwa njiani. Familia huacha kwa sababu ya nauli, kwa sababu ya watoto wengine waliobaki nyumbani, kwa sababu uvimbe umepungua na mtoto anaonekana mzima. Mtoto mwenyewe naye ana sauti katika uamuzi huo: anayeamini kwamba shule imekwisha kwake hulia zaidi asirudishwe kwa mzunguko unaofuata wa dawa kuliko anayejua kwamba anamaliza dawa ili arudi mahali fulani. Shule haiwezi kulipa nauli ya Muhimbili. Mahali hapo pa kurudi, hata hivyo, ni shule peke yake inayoweza kupahifadhi.

4. Darasa lililoelezwa humlinda mgonjwa

Dawa za saratani hushusha seli nyeupe za damu, mara nyingi zaidi wiki ya kwanza na ya pili baada ya dozi, na katika siku hizo maambukizi madogo kwa wengine huwa hatari kubwa kwake. Surua na tetekuwanga ndiyo ya kuogopwa zaidi shuleni. Mtoto anayeendelea na dawa akikaa karibu na mwenye tetekuwanga, mzazi anapaswa kumjulisha daktari siku hiyohiyo, kwa kuwa kinga inayotolewa baada ya kukutana na ugonjwa hufaa ikiwahiwa. Taarifa hiyo haiwezi kutoka popote isipokuwa darasani. Wanafunzi wanaojua sababu hunawa mikono kwa sabuni bila kusukumwa, na hutaja wenyewe mwenzao mwenye vipele. Wasiojua humficha, ili asirudishwe nyumbani.

Hili linahusu pia magonjwa mengine makubwa ya utotoni. Mwenye selimundu anahitaji kunywa maji mara kwa mara, kuruhusiwa kwenda chooni bila kuomba mara tatu, na kuepushwa na baridi na mbio za kumaliza nguvu; maumivu yanapomshika, aliye jirani yake ndiye hujua kwanza. Mwenye kisukari anayetumia insulini akianza kutoka jasho na kuongea visivyoeleweka anahitaji sukari mara moja, na mwenzake wa deski anaweza kuwa wa kwanza kuona. Kuhusu kifafa, madarasa mengi bado yanaamini kwamba povu la mgonjwa linaambukiza, na mtoto huanguka huku wenzake wakikimbia. Haliambukizi. Anatakiwa kulazwa ubavu, kuondolewa vitu vya kumuumiza na kutotiwa chochote mdomoni, na mtoto wa darasa la tatu anaweza kufundishwa hayo.

5. Michango na picha

Kuchangia mgonjwa ni desturi njema, na wanafunzi hawapaswi kuzuiwa kuleta walicho nacho kwa hiari. Kasoro huanza mchango unapokuwa wa lazima, au orodha ya waliotoa inaposomwa mstarini, au mtoto anapopigwa picha akiwa na mirija puani ili isambazwe kwenye makundi ya simu. Picha hiyo humfuata hadi sekondari. Mchango upokewe na kamati ya shule, uandikwe, umfikie mzazi, na picha isipigwe bila ridhaa ya mzazi na ya mtoto mwenyewe kama amefikia umri wa kusema hataki.

6. Kurudi darasani ni sehemu ngumu

Wengi hudhani kwamba mtoto akiruhusiwa hospitali mambo yamekwisha. Baadhi ya dawa za saratani huathiri mishipa ya fahamu ya mikono na miguu, hivyo mtoto aliyekuwa na mwandiko mzuri hurudi akiandika taratibu na kuangusha kalamu. Wengine husahau haraka au huchoka kabla ya saa nne. Mwalimu asiyejua humwona mvivu, na katika shule nyingi uvivu una kiboko chake. Kumchapa mtoto kwa sababu mkono wake umeathiriwa na dawa iliyomwokoa ni ukatili, na kutojua si utetezi, kwa sababu barua ya hospitali ilikuwapo au ingeweza kuombwa.

Kabla ya kurudi kwake, mzazi, mwalimu wa darasa na mwalimu wa malezi wakutane. Waamue atakaa wapi, nani ataendelea kumkopesha daftari, lini atakwenda kliniki, na kama ataendelea na darasa lake au atarudia. Uamuzi wa kurudia darasa usifanywe na mwalimu peke yake kwa kuangalia daftari la mahudhurio. Kumtenganisha mtoto na wenzake waliomngoja ni adhabu, hata pale inapokuwa lazima kielimu, na ikiwa lazima aelezwe mapema na wao waelezwe. Wenzake nao wana kazi ya kujifunza: kumwacha abebe begi lake anapoweza, kumwita kucheza hata kama atachoka, kutomsikitikia kila saa. Watoto hujifunza hili upesi. Wakubwa ndio huchelewa.

7. Mtoto akifariki, darasa nalo limefiwa

Shule za Tanzania zinajua kuzika. Wanafunzi hupanga mistari, kwaya huimba, rambirambi huwasilishwa, mwalimu mkuu husema neno. Jumatatu yake vipindi huendelea, na jina linakatwa kwa kalamu nyekundu. Aliyemwandikia mwenzake daftari kwa miezi minane hubaki nalo mkononi bila kuambiwa alifanye nini.

Darasa lililofiwa linahitaji kuambiwa na mwalimu wao, siku hiyohiyo, kwa neno "amefariki" na si kwa mafumbo ya kusafiri au kulala. Linahitaji ruhusa ya kulia, na kazi ya kufanya. Sadako Sasaki wa Hiroshima alifariki kwa saratani ya damu tarehe 25 Oktoba 1955 akiwa na miaka 12. Wenzake waliosoma naye walianzisha mchango wa kujenga sanamu ya kuwakumbuka watoto, zaidi ya shule 3,000 zikaunga mkono, na sanamu ikazinduliwa tarehe 5 Mei 1958 katika bustani ya amani ya mji huo. Shule ya kijijini haihitaji sanamu. Mti uliopandwa na darasa lenyewe, au daftari lile lililokabidhiwa kwa mama yake mzazi na wale walioliandika, linatosha.

8. Maombi

Wizara ya Elimu inaombwa kutoa waraka mmoja juu ya mwanafunzi mwenye ugonjwa wa muda mrefu. Waraka uweke alama yake katika daftari la mahudhurio, uzuie jina lake kuhamishiwa kwenye utoro au mdondoko hospitali ikiwa imethibitisha, na utamke haki yake ya kurudi katika shule yake. Msingi wa kisheria upo: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza ubaguzi kwa sababu ya hali ya afya. Mfano pia upo. Nchini England, sheria ya mwaka 2014 inazilazimu shule za umma kuwa na mpango wa kuwasaidia wanafunzi wagonjwa, na mamlaka za mitaa zinatakiwa kuandaa masomo ya mtoto anayekosa shule siku 15 au zaidi kwa sababu ya afya. Tanzania inaweza kuanza na daftari, kwa kuwa halina gharama.

TAMISEMI inaombwa kuwaagiza maafisa elimu kata kuwajua kwa majina wanafunzi waliolazwa katika kata zao na kuunganisha shule na hospitali, ili mwalimu wa darasa apate mtu wa kumpigia. Vyuo vya ualimu viongeze katika somo la ushauri na unasihi namna ya kuzungumza na darasa kuhusu ugonjwa mkubwa na kifo, kwani walimu wengi wanaonyamaza hawakufundishwa la kusema.

Walimu wakuu na kamati za shule hawahitaji kungoja waraka. Kipindi cha kuzungumza na darasa, zamu ya kunakili daftari, salamu ya kila wiki na kikao cha kumpokea anayerudi vyote vimo ndani ya mamlaka yao leo.

Mwaka wa masomo huanza Januari, na walimu wa darasa hufungua madaftari mapya ya mahudhurio. Wizara inaombwa iutoe waraka huo kabla ya hapo, ili jina la mtoto aliye wodini liandikwe ukurasa wa kwanza pamoja na wenzake.